Mtaimbo Uliosikika kwa Meno

Wapo watu wanaonunua mtaimbo kama wanavyooa: kwa macho tu. Wanaona chuma kimesuguliwa kikang'aa, wanakipapasa mara mbili, wanakibeba begani wakicheka, na kilio wanakisubiri nyumbani. Mtaa wa Sheikh Omar, pale Baghdad, ulikuwa umejaa watu wa namna hiyo, kwa kuwa ulikuwa umejaa magereji. Lakini wenye akili hawakutoa fedha yao kabla mtaimbo haujapita mikononi mwa fundi mkongwe Jasib, ambaye wote walimwita Usta.

Ilikuwa miaka ya vikwazo. Hakuna zana iliyoingia kutoka nje, hata msumari ulikuwa wa kubembeleza. Basi wahunzi walichukua shafti za ekseli za malori yaliyokufa, wakazipasha moto, wakazipiga ncha bapa upande mmoja na kisigino kilichopinda, wakaziita mitaimbo. Chuma chenyewe kilikuwa kizuri, tena kizuri mno, kwa maana shafti huzaliwa ili iteseke. Taabu ni kwamba shafti iliyobeba mawe na mizinga miaka mingi huweza kuwa na ufa ndani ya tumbo lake, na ufa huo jicho halioni hata uutazame mchana kutwa.

Jasib aliuona kwa sikio. Kwanza aliusimamisha mtaimbo aone kama unamfika kifuani, maana mfupi hauna nguvu na mrefu sana hauna adabu chini ya gari. Kisha alikwaruza ncha kwa tupa. Tupa ikiteleza, chuma ni kigumu kupita kiasi na kitavunjika. Ikizama, ni laini na kitakunjika. Ikiuma kidogo, hapo ndipo. Mwisho aliufunga kamba katikati, akauning'iniza kwenye boriti ya mlango, akaugonga kwa spana. Mtaimbo mzima uliimba, ukaimba, mpaka ukasahau kunyamaza. Wenye ufa ulijibu kama mtungi uliopasuka, naye Jasib aliushusha na kusema, "Huu wape wafunge ng'ombe."

Na mtaa ule ulikuwa na sheria yake ambayo hakuna aliyeiandika: asifuye na atie mkono. Ukisema mtaimbo fulani ni mzuri, wewe mwenyewe ndiye unayeingiza mkono mara ya kwanza kwenye mwanya uliopanuliwa na mtaimbo huo. Ndiyo maana wachuuzi wengi pale walikuwa wakimya. Jasib alisifu mitaimbo maisha yake yote, na vidole vyake vyote vilikuwepo. Watu waliviangalia akishika gilasi ya chai kama wanavyoangalia mali ya mtu.

Kisha, mwanzoni mwa kiangazi, tairi la lori lilipasuka akilijaza upepo. Halikumjeruhi popote ila masikioni. Damu ilimtoka huku na huku, na dunia ikafungwa kama mlango. Alilala siku chache, akarudi gereji, akawaambia watu amepona. Haikuwa kweli. Hakusikia kitu. Lakini gereji ni mahali ambapo kila mtu hupiga kelele na hakuna anayesikilizwa, kwa hiyo akajifunza kusoma midomo, kutikisa kichwa, na kucheka wenzake wanapocheka.

Aliyejua ni mkewe tu, Fakhriya. Mwanzo alimpigia kelele usoni, mpaka jirani akaja na uso wa huruma kuwapatanisha, akidhani ni ugomvi. Tangu hapo wakazungumza kwa mikono. Jambo moja ndilo lililomla Jasib. Zamani, Fakhriya alipochambua mchele wa mgawo, ule wenye mawe mengi kuliko mchele, alikuwa akiimba kwa kuguna, mdomo umefungwa, wimbo usio na maneno aliouchukua kwa mama yake. Jasib alikuwa akijinyoosha mkekani na kumsikiliza kila jioni, wala hakuwahi kumwambia kwamba anamsikiliza. Sasa alikuwa akimtazama koo likitetemeka, basi.

Mitaimbo iliyoletwa tangu wakati huo ilikuwa midogo ya kuondolea matairi, na yote aliyoitilia shaka aliikataa. Mambo yakaenda. Mpaka asubuhi moja akaja Shinawa.

Shinawa alikuwa fundi wa springi, rafiki yake tangu ujana, mtu mnene mwenye mzaha. Kazi yake ni hii: mtu mmoja anaegemea mtaimbo mkubwa na kuitenganisha springi ya lori na mahali pake, naye Shinawa anatia mikono yote miwili kwenye mwanya ule, anatoa pini iliyolika na kutia nyingine. Mtaimbo ukivunjika, springi inafumba kama taya. Mtaimbo wake wa zamani ulikuwa umeibiwa, na nyuma yake alikuwa Sabri mhunzi, amebeba miwili mipya begani.

"Baba Nawal!" alisema Shinawa, akimwita kwa jina la bintiye na kusimama mbele yake, na Jasib akaisoma midomo. "Nichagulie mke. Huyu Sabri ana mapacha, na kuoa ndugu wawili dini imenikataza, mfuko nao umenikataza. Niache na mmoja."

"Wote wazuri," alisema Sabri. Alikuwa mhunzi hodari, na alijijua. "Shafti mbili za lori moja. Fumba macho, okota wowote."

Kweli walikuwa mapacha. Urefu mmoja, kisigino kimoja, weusi mmoja. Jasib alipitisha tupa: iliuma huku kama ilivyouma kule. Alipitisha kucha kuanzia ncha hadi mwisho, hakuna kitu. Akaufunga wa kwanza kamba, akauning'iniza, akaugonga. Kimya. Akaugonga tena kwa nguvu, akaona mtaimbo unatetemeka. Kimya. Wa pili, vilevile.

Watu walikuwa wameanza kukusanyika, maana Usta akichagua ilikuwa tamasha. Jasib aliogopa. Mkono wake mwenyewe hakuuogopea. Yeye angeutia mara moja tu. Shinawa angetia yake kila siku ya Mungu. Na akisema, "Sisikii," basi ndiyo mwisho wake. Atabaki mzee wa kufungua nati, na hakuna atakayemletea tena chuma. Akauchukua tena ule wa kwanza, akausimamisha chini, akainama na kuuwekea kidevu juu kama mtu anayewaza. Alikuwa anaiba muda. Ulimi ulikuwa tayari kusema, "Huu huu."

Shinawa akachoka kungoja. "Usta, umelala?" akasema, na kwa utani akaugonga mtaimbo kwa chini kwa spana yake.

Jasib alisikia.

Hakikupitia masikioni. Kilipanda kutoka kwenye chuma, kikaingia kidevuni, kikapita kwenye meno, kikajaa kichwa kizima. Kilikuwa kilio kifupi, kikavu, kilichokatika njiani: mtungi uliopasuka. Ilikuwa sauti mbovu kabisa, na Jasib hakuwahi kusikia sauti nzuri kama ile tangu azaliwe. Subhanallah, alisema moyoni, subhanallah, kumbe mlango mwingine ulikuwepo mdomoni mwangu siku zote, na mimi nautumia kulia mkate tu.

Akautupa mtaimbo ule, akaunyakua wa pili, akauuma ncha kwa meno kama punda anavyouma hatamu, akamwonyesha Shinawa kwa ishara: gonga.

Watu wakapasuka kwa kicheko.

"Vikwazo vimefika pabaya! Usta anakula chuma!"

"Mtilieni chumvi jamani, asije akavimbiwa!"

"Mgawo wa mwezi huu ni huo, wallahi. Kilo mbili kwa kila kichwa!"

Shinawa akagonga. Mtaimbo ukaimba. Uliingia Jasib mpaka utosini, mrefu, safi, hauna kokoto ndani yake, na ulipoanza kufifia alibana meno zaidi aufuate mpaka mwisho. Machozi yalimtoka mbele ya watu. Hakuyafuta.

"Huu," alisema. "Na ule una ufa."

Sabri alivimba kama maandazi. "Ufa uko masikioni mwako! Mtu akikusalimia kwa nyuma hugeuki. Juzi nimekuita mara ngapi? Semeni nyinyi, uongo? Kiziwi ndiye anatuchagulia vyuma sasa?"

Jasib alikuwa ameyasoma maneno yote kwenye midomo ya Sabri.

"Ni kweli," alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyodhani. "Sisikii tangu siku ya tairi. Nimewaficha. Lakini ule una ufa, Sabri, ndugu yangu."

"Hauna! Nimeufua mimi. Nausifu!"

Neno likamtoka, na mtaa mzima ukalisikia. Asifuye na atie mkono. Sabri akakunja mkono wa shati na kwenda moja kwa moja kwenye lori lililokuwa limesimama pale juu ya magogo. Hakuwa mwoga hata kidogo. Alikiamini chuma chake, na kuamini huko kulimtisha Jasib kuliko kitu chochote. Shinawa na fundi mwingine wakaingiza mtaimbo ule wa kwanza, wakauegemea, springi ikaachia mwanya. Sabri akanyoosha mkono.

Jasib akamrukia, akamkamata kifundo, akamvuta mpaka wakakaribia kuanguka wote. Chakula cha mchana cha Sabri kilikuwa kwenye mfuko kando ya ukuta: biringanya moja kubwa ya kwenda kuchomwa. Miaka ile tulikula biringanya asubuhi, mchana na ndotoni. Jasib akaichomoa, akaichomeka kwenye mwanya, akarudi nyuma.

"Egemeeni," alisema. "Kwa nguvu zenu zote."

Wakaegemea. Mtaimbo ukakatika kwa kishindo ambacho watu wote walikisikia isipokuwa mmoja, Shinawa akaanguka kifudifudi, springi ikafumba. Biringanya haikuonekana tena. Ulibaki utelezi kwenye chuma na mbegu chache usoni mwa fundi mwenzake.

Sabri aliokota kipande. Nusu ya mvunjiko ilikuwa nyeupe, mpya, ikimetameta. Nusu ya pili ilikuwa nyeusi kwa kutu ya zamani, kutu ya miaka, iliyokaa humo tangu shafti ilipokuwa bado inazungusha magurudumu. Akautazama mkono wake, akaugeuza, akakaa chini mavumbini. Hakuna aliyemcheka.

Kisha wakaleta pacha wa pili. Jasib alitia mkono wake kwenye mwanya, akauacha humo. Mtaimbo ulipinda kama upinde, ukatulia, na walipouachia ukanyooka tena kama vile hakuna aliyeuomba kitu. Shinawa aliutazama mtaimbo, akamtazama Jasib, akautoa na kuubeba begani.

Baadaye alimshika bega, akasema polepole mbele ya uso wake, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniletea mtaimbo?"

Shinawa akafikiri. Alikuwa mtu mkweli. "Nisingekuletea."

"Basi."

"Na kesho nitakuletea," alisema Shinawa. "Na chumvi nitaleta."

Jasib alipokuwa anafunga gereji, Sabri alikuja na kile kipande kifupi cha mtaimbo uliovunjika, chenye urefu wa kutoka kiwiko hadi vidoleni. Alikuwa ameusaga ule upande wa ufa mpaka ukawa chuma kitupu. Alimwekea mkononi, akagusa kifua chake mwenyewe kuomba radhi, akaenda zake.

Fakhriya alikuwa ameketi na sinia la mchele, na maji yake yalikuwa yameinjikwa jikoni. Jasib aliketi mbele yake, goti kwa goti, akakifuta kipande kwa shati mpaka kikawa safi. Akauma upande mmoja. Upande wa pili akamwelekezea mkewe mdomoni.

Fakhriya alikitazama chuma, kisha mume wake. "Jua limempata," alisema peke yake. "Baba Nawal, nimekukosea nini hata unilishe chuma?"

Jasib aliunganisha mikono kumsihi, akaonyesha sinia, akazungusha kidole hewani: ule wimbo, ule wa mchele. Fakhriya akatikisa kichwa, akainama, akauma.

Kwanza kilikuja kicheko chake. Alikuwa anajizuia kucheka, pua imebanwa, na Jasib akakisikia kile kicheko cha kujizuia, ambacho hakuwa amekumbuka hata kukikosa. Akashtuka mabega yote. Fakhriya akaona macho yake, akaelewa, na kicheko kikamkatika. Akafumba macho. Akaanza kuguna wimbo wa mama yake, chini kabisa, sauti ikitetemeka mwanzoni, kisha ikisimama.

Ukaingia wote. Alipofika mwisho akataka kuachia, Jasib akanyoosha mkono upesi, akamgusa shavu: endelea. Akaanza tena. Jikoni maji ya wali yalikauka, sufuria ikaanza kunuka kuungua, na kati ya wawili wale hakuna aliyeachia meno.