Mgeni Atajipikia

Mdogo wangu Éliakim ana kichwa kigumu kuliko jiwe la kusagia, na ushahidi ninao: nilimchapia mwenyewe, kurasa mbili, kwenye secrétariat public yangu hapa Butembo. Kazi yangu ni kuchapa barua za kuomba kazi, mialiko ya ndoa na matangazo ya misiba. Sikuwahi kucheka nikichapa mpaka siku aliponiletea maelezo ya wageni wake.

Tuanze na yeye, maana bila kumjua utadhani ni karatasi ya kichaa. Miaka kumi na tisa Éliakim alikuwa mpishi katika shule moja ya bweni. Vijana mia nne, maharage asubuhi, maharage jioni, mwiko mrefu kama jembe. Mke wake alifariki katika miaka hiyo, hawakujaliwa mtoto, naye akaendelea kukoroga. Siku alipoacha kazi hakuna aliyemwambia hata asante. Alipanda moto, yaani pikipiki, na godoro lake mgongoni akaenda Vuhovi kwenye shamba la kahawa alilotuachia baba, na alipofika aliapa mbele yangu: mikono hii haitampikia mtu tena, isipokuwa mtu wa nyumbani mwake. Nikamwambia nyumbani mwake hamna mtu. Akasema basi hiyo inarahisisha mambo.

Alijenga kinyumba kando ya kahawa, mkabala na nyumba yake, vyumba viwili na jiko, mabati juu, kwa ajili ya vibarua wa mavuno. Kisha watu wa Butembo, waliochoka na vumbi la mji, wakaanza kumuuliza kama wanaweza kulala pale siku mbili tatu wasikie ndege. Akakubali. Lakini mgeni kwetu hukaa, hunawa, huletewa. Huo ndio mwanzo na mwisho wa ugeni. Éliakim akaona mambo yanamrudia, ndipo akaandika.

“Kwanza, karibu,” ilianza karatasi. “Pili, mgeni atajipikia. Awe askofu, awe muuza makala ya kuwashia jiko, atajipikia. Usiulize sababu, kwa kuwa utaambiwa, na ni ndefu.”

Nilimwomba alainishe. Akakataa. Nilimwomba aandike kwa Kifaransa, labda ingesikika kama hoteli. Akakataa.

“Yaya,” akaniambia, kama tunavyomwita dada mkubwa, “andika vile nilisema. Mutu asome, ajue, akuye ao abakie kwake.”

Basi nikaandika. Kwamba kati ya majiko mawili ya makala, mbabula wa kushoto unawaka na wa kulia ni pambo. Kwamba sufuria ni nne na mifuniko ni mitatu, na ugomvi wa mfuniko usiletwe kwa mwenye nyumba. Kwamba mboga ya lengalenga uchume upendavyo, lakini kabichi kubwa ya kwenye kona ni ya kanisa, imeshatolewa sadaka ingali ardhini. Kwamba kuku anayechechemea hauzwi, hachinjwi wala haulizwi bei. Kuhusu jogoo aliandika hivi: “Huanza kuwika saa tisa usiku. Ameonywa.” Na kuhusu choo: “Mlango hauna komeo. Mgeni aimbe wimbo wa kanisa, wa Kikatoliki au wa Kiprotestanti, ili ijulikane kuna mtu.” Hapo nilisimamisha mashine nikacheka hadi mteja wa nje akaingia kuuliza kama ni msiba. Na mwisho kabisa: “Siku ya tatu mgeni hupewa jembe. Huu si msemo.”

Nakala moja niliibandika ukutani mwa ofisi yangu, kama tangazo.

Sasa, Éliakim alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani, na jina lake ni Débora. Débora anauza mbegu kwenye soko letu, kabichi, leki, karoti, mjane kama yeye, mwenye miaka arobaini na sita na kicheko cha msichana. Éliakim alinunua mbegu za karoti kwake mpaka Vuhovi nzima ikawa na karoti. Walikuwa wamekubaliana wenyewe, kazi imekwisha, kilichobaki ni neno la Tantine Léa. Huyo ni shangazi yake Débora, yuko Beni, ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufa, na bila neno lake hakuna mbuzi wa mahari anayefungwa kamba. Wachumba wawili walikwisha kwenda Beni na suti zao, wakapika maneno matamu sebuleni kwake, wakarudi kama walivyokwenda. Wa tatu angekuwa Éliakim. Alikuwa haogopi kitu kingine: si mvua ya mawe, si bei ya kahawa. Tantine Léa tu, ambaye hajawahi kumwona.

Wiki moja kabla ya safari ya Éliakim ya kwenda Beni, Jumatatu, mama mmoja aliingia ofisini kwangu. Mzee wa haja, kitenge cha ndege wa buluu, miwani iliyofungwa uzi mwekundu upande mmoja. Alitaka fotokopi ya kitambulisho. Akiwa anangoja akasoma karatasi ya ukutani, yote, akifuata mstari kwa kidole. Alipofika kwenye habari za choo mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko.

“Huyu mutu iko wapi?” akauliza.

“Vuhovi. Ni mudogo wangu,” nikasema kwa fahari, mimi mpumbavu, nikampa namba. Kitambulisho nilikishika mkononi nikakipiga fotokopi bila kukisoma. Miaka ishirini kwenye kazi ya karatasi!

Jumatano akafika Vuhovi. Alijitambulisha kwa jina la mumewe, Mama Syauswa, hivyo Éliakim hakushtuka kwamba ni Tantine Léa mwenyewe. Yaliyofuata wamenisimulia wote wawili, na wanapingana karibu kila mahali, lakini hapa wanakubaliana: hakuja na chakula. Alikuwa na mkoba mmoja na Biblia. Karatasi aliisoma, ndiyo, ila aliichukulia kama sisi sote tungeichukulia, kwamba ni mzaha wa mwanaume asiye na mke. Hakuna mtu wa kwetu anayeweza kumwangalia mama mzee ana njaa.

Akakaa kwenye kiti mlangoni kuanzia saa nane. Éliakim akapita na ndoo. “Habari ya mchana, Mama.” Akapita bila ndoo. “Hewa iko muzuri, eh?” Akapita mara ya tatu akamwonyesha maharage yalipo, makala yalipo na lengalenga zilipo, akaenda zake kuimbia kahawa. Saa kumi na moja Tantine akakubali kushindwa na njaa. Akawasha mbabula wa kulia.

Moshi ulionekana mpaka barabarani. Éliakim alikuja mbio akamkuta uwanjani anakohoa, miwani imekuwa nyeusi.

“Weye, mwenye nyumba! Hii mbabula iko namna gani?”

“Mama, iko ya pambo. Niliandika.”

“Miwani yangu iko ya kusoma Biblia! Haiko ya kusoma mbabula!”

Éliakim akamletea maji ya kunawa uso, akamwashia ule wa kushoto, akapuliza mpaka ukashika. Kisha, Mungu anisamehe, akamwachia mwiko akaondoka.

Siku ya pili Tantine akapika vizuri, na kwa kuwa yeye ni mtu, akamtumia mwenye nyumba sahani. Fikiria. Mtu aliyewalisha vijana mia nne miaka kumi na tisa, na tangu mke wake afe hakuna aliyempelekea sahani mlangoni. Éliakim anasema macho yalimwasha. Nami namwamini. Alikula yote, akaosha sahani, akairudisha kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema wasingya, asante ya kwetu, mara tatu. Angeishia hapo! Lakini upishi ni ugonjwa.

“Iko muzuri sana, Mama. Mais chumvi ilipunguka kidogo.”

Tantine Léa, ambaye anapikia mikutano ya kanisa lake huko Beni tangu kabla Éliakim hajaota ndevu, alichukua sahani yake akafunga mlango. Aliufungua tena kusema, “Mwanaume anajua nini ya chumvi?” akaufunga upya.

Siku ya tatu, Ijumaa, alipoamka alikuta jembe limeegeshwa mlangoni, limenolewa, mpini umepakwa mafuta ili usimchubue.

Asubuhi hiyohiyo Débora aliingia ofisini kwangu bila hodi.

“Yaya Kanyere, Tantine haiko ku Beni! Banasema alishuka Butembo tangu lundi, ati kupumuzika. Téléphone yake haipite. Nani anaweza kumuona, na ile miwani yake ya uzi?”

Lundi, Jumatatu ileile ya fotokopi! Niliacha kuchapa. “Uzi wa rangi gani?”

“Mwekundu.”

Sikufunga hata ofisi. Tulipanda moto moja, mimi katikati na Débora nyuma, na njia nzima nilikuwa nasali na kucheka, kwa kuwa nilijua karatasi kwa moyo na nilijua Ijumaa ni siku ya ngapi. Kabla ya saa tano tulikuwa Vuhovi. Na tukaona. Tantine Léa amefunga kitenge cha ndege juu ya magoti, yuko katikati ya kahawa, analima. Mdogo wangu yuko pembeni na jembe lake, anamfundisha.

“Hapana karibu ya muzizi, Mama. Pole pole. Unalima kama mutu anapiga nyoka.”

“Tantine!” Débora alipiga kelele.

Éliakim aligeuka akamtazama Débora, akamtazama mama mwenye jembe, akamtazama tena Débora. Nimeona watu wakipokea matangazo ya misiba ofisini kwangu na hawakuwa na uso ule. Jembe lilimdondoka. Kisha akakimbia. Hakukimbia msituni kama ningefanya mimi. Alikimbia jikoni kwake, na tukasikia sufuria zinagongana.

Tantine, aliyekwisha kuelewa huyu ni nani, alimfuata taratibu, jembe begani, sisi nyuma yake. Alisimama kwenye mlango wa jiko. Mdogo wangu tayari alikuwa na kisu na vitunguu.

“Unafanya nini?”

“Ninakupikia, Mama. Munisamehe. Sikujua.”

“Na ile karatasi? Askofu ao muuzaji wa makala, njo vile uliandika. Donc ulikuwa unaongopa? Bokilo, mukwe wako, akikuya, maandiko inageuka?”

Débora akanishika mkono mpaka vidole vikaniuma. Maana nasi tuliuona mtego. Akipika, yeye ni kama wale wawili wa suti, mtamu mbele ya mkubwa tu. Asipopika, amemnyima chakula mama aliyemlea mchumba wake, na jembe kampa. Niliona maisha ya mdogo wangu yamesimama pale kati ya kitunguu na kisu.

Éliakim akaweka kisu chini. Akajipangusa mikono, akatoka nje mpaka uwanjani.

“Mama, niliandika kweli. Mugeni atajipikia, ata leo, ata kama ni weye. Siwezi kugeuza. Mais mutu wa kwangu haiko mugeni.” Akaonyesha kwa mkono. “Ile pale, nyumba ya bageni. Hii hapa, ya kwangu. Ukibakia kule, makala iko mu gunia, jipikie, na nitakuheshimia sawa. Ukivuka hii kiwanja na sakoshi, mukoba wako, nitakupikia mpaka useme basi.”

Kiwanja chenyewe ni hatua thelathini na mbili, nimezihesabu baadaye.

Tantine Léa alishusha jembe toka begani. Alipangusa jembe kwa majani, akampa Débora, akaingia kwenye nyumba ya wageni na kufunga mlango. Tulingoja. Kuku anayechechemea alipita akatuangalia. Mlango ukafunguliwa, Tantine akatoka na mkoba na Biblia, akafika mahali njia inapogawanyika, upande huu barabarani, upande huu kwa Éliakim, akasimama. Kisha akaenda chooni.

Akaimba. Beti zote nne, na kiitikio baada ya kila ubeti, bila kuruka hata neno moja. Kwenye ubeti wa tatu Débora alianza kucheka kwa woga, akaniambukiza, tukawa tumekumbatiana tunatikisika, na Éliakim katikati ya kiwanja ameshika kitunguu kama mtu aliyeshika kofia yake mbele ya chifu, chef de groupement.

Wimbo ukaisha. Tantine akatoka, akanawa mikono kwenye bidon ya maji, akachukua mkoba wake. Akavuka kiwanja. Akaingia nyumbani kwa mdogo wangu, akakaa kwenye kiti chake kizuri, akaweka Biblia mezani.

“Niko na njaa,” akasema.

Jogoo alikuwa ameonywa mara nyingi. Saa mbili baadaye alikuwa kwenye mchuzi, na vundu, ugali wetu laini, pembeni, na firigisi, ambayo kwetu hapewi mtu yeyote tu, juu ya sahani ya Tantine. Éliakim alipika akiimba, akijibishana na sufuria, akirusha mfuniko hewani na kuudaka, mtu wa miaka hamsini na minne! Sikuwa nimemwona hivyo tangu tukiwa wadogo. Nilifurahi mpaka nikatoka nje kupenga kamasi.

Akamwekea sahani mbele, akabaki amesimama. Tantine Léa alisali sala ndefu. Akamega, akachovya, akatafuna akiangalia dari. Akameza. Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kitenge, akaivaa tena.

“Chumvi,” akasema, “ilipunguka kidogo, bokilo wangu.”

Débora akapiga vigelegele, na Éliakim akakimbilia chumvi akajikwaa kwa yule kuku.