Mabati ya Maman Daforoza

Kila mvua inapopiga juu ya bati, mwanangu, nakumbuka siku moja ya masika, nikiwa kijana mwenye kalamu mfukoni na akili kidogo kichwani. Nimezeeka, magoti yananigomea, lakini hasira ya siku ile bado ni mbichi, na jana wewe uliichochea. Nitakwambia uliichocheaje. Kwanza kaa chini, uzime hiyo simu.

Vita vya kwetu vilikuwa vimekwisha na vya Kongo vimeanza. Tulisikia mizinga ng'ambo ya mto Rusizi tukiwa shambani, tukaendelea kupalilia. Serikali ikasema watu washuke kutoka vilimani, walikojenga kila mmoja katikati ya migomba yake, wakae pamoja kando ya barabara katika kijiji kipya. Wapate maji, shule na usalama. Mpango wenyewe haukuwa wa kijinga, sitaki kuusingizia.

Mimi nilikuwa nimesoma miaka mitatu ya sekondari, najua Kifaransa cha barua. Basi konseye, kiongozi wa kilima chetu juu ya mashamba ya mpunga ya Bugarama, akanifanya karani wake. Lo, nilivyojiona! Nilitembea na daftari kwapani hata nikienda chooni.

Kazi yangu ilikuwa kuwashawishi watu wabomoe nyumba za juu. Maman Daforoza, mjane aliyekuwa akilea mjukuu wa kike mwenye ugonjwa wa kifua, alikataa. Nilimwendea mara tatu. Mara ya tatu nikamwapia: "Maman, shuka tu. Manjanja yako itakuya, mimi mwenyewe nitasimamia." Manjanja ndiyo mabati, kwetu huku. Akabomoa nyumba yake kwa jembe lake mwenyewe, akajitwika mlango kichwani, akashuka. Vijana wa parokia wakamjengea kuta za matofali mabichi, mabati yakaja kweli, wakamwezekea. Akaniletea mkungu wa ndizi. Mambo yangeishia hapo vizuri kama mimi na konseye tungekuwa watu.

Mabati yalikuja nusu tu. Yaliezekwa kwenye nyumba za mstari wa nyuma, ya Daforoza ikiwemo, maana ndizo zilizotangulia kumaliza kuta. Za barabarani zilibaki wazi. Mara tukaletewa habari kwamba mkubwa fulani wa serikali anakuja kutoka mjini Cyangugu, kesho kutwa. "Atasema tuko bavivu," konseye akarudia, "atasema tuko bavivu." Nikampa wazo. Lilikuwa langu, sitamsingizia marehemu: tuezue mabati ya nyuma, tuyaweke mbele, mgeni akiondoka tuyarudishe.

"Siku moja tu, Maman," nikamwambia Daforoza.

"Mvua iko karibu, mutoto yangu."

"Siku moja."

Akatutazama tukipanda juu ya nyumba yake.

Mgeni alifika na gari. Barabara ilikuwa tope, hakupita mstari wa kwanza. Akatazama mabati yanavyong'aa, akafurahi. Kisha akauliza swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa na mtu wa ofisi: "Kuna nyumba ambazo bado hazina mabati?" Konseye akanigeukia. Nikafungua daftari, nikajifanya kusoma. "Hakuna, Bwana mkubwa. Zote tayari."

"Afadhali," akasema, na akaonekana kweli ametua mzigo. "Nina lori limejaa mabati Cyangugu, nilidhani nitalileta hapa. Basi liende Gikundamvura. Wao wameniambia bado wana shida."

Mwanangu, mdomo nilikuwa nao! Neno moja lingetosha, tena alikuwa ameniuliza kwa upole. Unajua nilifanya nini? Nilipiga makofi. Tulipiga makofi sote, na gari likaondoka.

Kesho yake nikaenda kurudisha mabati ya nyuma. Watu wa barabarani wakasimama milangoni. "Mukubwa aliona manjanja huku kwetu, akaandika. Ukitoa, ni yeye unagomea." Nikageuka mikono mitupu, maana uongo ulikuwa wangu. Mvua ikanyesha siku tano mfululizo. Matofali mabichi yasiyo na bati yakalainika, ukuta wa nyuma wa Daforoza ukaanguka, wa mbele ukafuata. Akakaa chini ya shitingi, turubai la plastiki, na mtoto anakohoa. Asubuhi moja akajitwika mlango wake tena, akapanda kilimani.

Haikupita muda ikaja barua: waliohama kijiji waandikwe, ni wakaidi. Nikatumwa mimi na daftari langu. Nilimkuta anafunga nyasi za kuezekea kibanda. Hakunitukana. Laiti angenitukana.

"Unakuya kuandika kama mimi nagomea serikali?"

Nikafungua daftari.

"Andika. Lakini ujue: serikali haina macho. Ile macho iko nayo ni yako, na ulifunga. Bale ba Cyangugu banajua tu ile unabaambia. Sasa batafanya nini?"

Nikaandika mkaidi. Jina lake kamili, kwa mwandiko wangu mzuri. Miaka baadaye nikakaa katika mkutano, msomi mmoja akaeleza kwamba kwetu mpango ule ulishindwa kwa sababu wanakijiji hawapendi maendeleo. Nilitamani ardhi inimeze. Na sikusema kitu, mara ya pili.

Sasa wewe. Umepata kazi ya ofisi, tumekuchinjia kuku. Jana nikakuona unamsimamisha mama mmoja mbele ya choo kipya, unampiga picha ya ripoti. Choo kina ukuta na mlango wa rangi ya buluu, shimo halijachimbwa! Nilitaka kukutandika bakora barabarani, mzee mzima. Yule mama humjui. Ndiye mjukuu wa Daforoza, mwenye kifua. Alipona, Mungu ashukuriwe, si mimi. Wewe ulikuwa unamwambia atabasamu, naye alikuwa ananitazama mimi.

Nisikilize. Mipango ya serikali hupita mikononi mwa watu wengi kabla haijafika kwa mwenye shida, na kila mmoja anamwogopa aliye juu yake. Ukipamba ripoti, wa juu yako ataipamba zaidi, na mwisho mkubwa ataamua mambo ya kijiji ambacho hakipo. Kisha lawama watabebeshwa maskini. Kwa hiyo ukiulizwa, anza na kilicho bado. Sema bado hata ukifokewa, hata ukinyimwa cheo. Mkubwa asipouliza, mwambie. Mpeleke kwenye tope, aone mstari wa nyuma.

Kesho asubuhi twende pamoja kwa yule mama. Wewe utafuta picha yako mbele yake na kuandika kwamba shimo bado. Mimi nina maneno ya kumwambia ambayo bibi yake hakuyasikia kwangu hadi anazikwa. Mungu akupe mdomo usioganda mbele ya wakubwa, mwanangu, na akulinde usije ukazeeka na mvua yangu hii masikioni.