Kijiziwa cha Ndama

Hapa Yeoville nasifiwa kwa moyo mzuri. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za kwaya na magauni ya harusi. Kwa kuwa nimekaa Johannesburg miaka mingi na Kiingereza nimekishika, Wakongo wenzangu huniomba niwasindikize ofisini kwenye mambo ya hifadhi ya ukimbizi, niwe mdomo wao. Siwatozi kitu. Wakinishukuru nawaambia wamshukuru Mungu, nao wanaondoka wakisema mama yule ni mtu wa watu. Naandika haya ili angalau mahali pamoja nisisifiwe.

Jirani yangu wa kazi ni msusi. Saluni yake na kibanda changu vimetenganishwa na ukuta wa mbao, kwa hiyo nasikia ugomvi wake wote na wateja, naye anausikia wangu. Mwaka juzi baba yake alifika kutoka Kongo baada ya miezi ya njiani, akawa anakaa naye mtaa wa Malvern, chumba kimoja pamoja na wajukuu. Asubuhi moja msusi akamleta baba yake kibandani.

"Dada, huyu ni baba yangu. Bamemwita ku interview. Miye sikukomeaka kule kwao, nililelewa mu mji na shangazi, sijue kitu. Umusaidie. Akikosa karatasi batamurudisha, na kule hakuna mutu alibakia."

Nikainua macho kutoka kwenye sindano. Alikuwa mrefu, koti la mvua begani ingawa jua lilikuwa linawaka, na nyusi yake ya kushoto ilikatwa katikati na kovu. Nilimjua kabla hajakaa.

Kwetu ni kisiwa ndani ya ziwa kubwa la mashariki mwa Kongo. Sisi tulikuwa watu wa chini, wa ufukweni, na wao walikuwa watu wa juu. Juu hakuna miti. Ni nyika ya nyasi fupi na udongo mweusi unaomeza mguu, ukungu haukatiki mpaka saa nne, na katikati ya nyasi kuna vijiziwa vingi vya maji matamu, baridi yake inauma meno. Kila boma lilikuwa na kijiziwa chake cha kunyweshea ng'ombe. Maboma yenyewe, mengi yalikuwa yamekwisha kufa. Uliyatambua kwa mduara wa mawe yaliyozama kwenye nyasi, mafiga matatu yasiyo na jiko, majani yawashayo yaliyoota palipokuwa na samadi. Mahali pa namna hiyo huitwa ganjo. Na watu wa juu walikuwa na mwiko wao: boma likihamwa kwa sababu ya vifo, jina lake halitamkwi tena chini ya paa. Aliyezaliwa pale atakwambia tu amezaliwa kwenye kijiziwa fulani, basi. Sisi wa chini tuliwacheka. Majina ya maganjo yao tuliyajua yote, na tuliyataja popote tulipotaka.

Nilikuwa na miaka saba vita vilipofika ufukweni. Mama alipanda nami mkononi na mdogo wangu mgongoni, kutwa nzima, mvua inatupiga. Juu tuliwakuta wanaume wamesimama kando ya kijiziwa. Wakabishana kwa lugha yao huku sisi tunatetemeka. Kisha mmoja wao, kijana mwenye kovu kwenye nyusi, akanyoosha fimbo kuelekea mduara wa mawe ng'ambo ya maji, akasema kwa Kiswahili, "Pale." Akageuka akaenda zake.

Ganjo lile kuta zake zilinifika kifuani. Paa hakuna. Mama alitandaza kitenge juu ya fito tatu na tukajikunja chini yake. Asubuhi ya nne mdogo wangu hakuamka. Mama alimzika palepale kando ya mafiga, akichimba kwa kipande cha sufuria, na hakuna aliyekuja kutusaidia. Mpaka anafariki, mama alikuwa na neno moja tu kuhusu watu wa juu: walitulaza na maiti zao ili tufe kama hao.

Basi yule kijana wa fimbo ndiye aliyekuwa amekaa kwenye kigoda changu, amezeeka, ameshika kofia kwa mikono miwili. Sikumwambia namjua. Nilimwambia, "Karibu Mzee, jisikie nyumbani." Nikamtengenezea chai. Nikamwahidi binti yake kwamba nitasimama naye kama mzazi wangu mwenyewe. Nilifurahi, na sitasingizia kitu kingine. Niliona zamu yangu ya kushika fimbo imefika.

Ofisini binti hakuruhusiwa kuingia, tukaingia wawili. Afisa alikuwa dada mdogo tu, mpole, akamletea mzee maji ya kunywa na kumwambia asiogope. Alitaka kitu kimoja zaidi ya vyote, kujua mtu huyu ametoka wapi hasa. Akauliza jina la kijiji alikozaliwa.

Mzee akajibu taratibu, akinitazama mimi. "Miye nilizaliwa ku kaziwa ka ndama. Boma ya baba ilikuwaka pale. Bote balikufa mu mwezi moja, baba, mama, bandugu yangu. Jina ya pale hatuitajake mu nyumba, mama. Umwelezee. Kama anaitaka, tutoke inje, nitaisema."

Nikamgeukia afisa. "Anasema alizaliwa karibu na maji. Jina la kijiji hatalitaja."

Kila neno lilikuwa la kweli, na hilo ndilo nililojivunia. Afisa akatafuta kwenye kompyuta yake. Ramani ina vijiji, hata maboma yaliyohamwa, ina barabara na shule, haina vijiziwa. Akauliza maji gani. Nikasema ya ndama. Akauliza kwa nini hataki kutaja kijiji. Mzee akaueleza mwiko wote, tangu mwanzo, kwa subira ya mtu anayefundisha mtoto, na mimi nikautafsiri kwa maneno mawili: hataki tu. Mlango ulikuwa hatua sita nyuma yetu. Nje kulikuwa na uwanja na jua. Angetoka, angesema, angerudi, na mambo yangekwisha kabla chai ya afisa haijapoa.

Kisha akaongeza jambo ambalo hakuulizwa.

"Umwambie tena, kuko mushahidi kama bataenda kuangalia. Mwaka ya vita mama moja wa chini alikuya na batoto babili. Batu betu balitaka kubafukuza barudi ku vita. Nikabaambia, bakae kwa baba yangu. Haikuwaka na paa, lakini ilikuwa yangu, hakuna mutu angeweza kubatoa pale. Mukubwa moja alinichapa juu ya ile maneno. Balinikataza kubakaribia. Katoto kamoja kalikufa. Kako pale, kando ya mama yangu."

Afisa akaniuliza, "Amesema nini? Maneno mengi hivyo."

Ningeweza kusema. Najiuliza mpaka leo ni nini kilichoniziba mdomo, na jibu ninalo ingawa silipendi. Kama mtu huyu alitutetea, basi mama alikufa na chuki isiyo na mwenyewe, na mimi nimekua juu ya chuki hiyohiyo. Nilimchukia zaidi kwa kuwa mwema kuliko nilivyomchukia nilipomdhani mbaya. Alikuwa ananinyang'anya kitu pekee nilichorithi.

"Anazungumzia wageni waliopita kwao zamani," nikasema. Afisa akashusha kalamu.

Jibu lilikuja baada ya miezi. Amekataliwa, kwa sababu ameshindwa kuonyesha anatoka wapi. Binti yake aliingia nalo kibandani mbio, mikono ina mafuta ya nywele, mzee yuko nyuma yake.

"Dada, alisemaka nini mule ndani?"

"Hakutaka kutaja kwao," nikasema. "Nilijitahidi. Baba yako ni mgumu."

Alimgeukia mzee mbele yangu na mbele ya mteja wangu aliyekuwa amesimama kupimwa kiuno. "Eish, baba. Jina tu? Jina ya mahali inakushinda? Batoto bangu balale chini sababu yako, na weye unakataa kusema jina?" Alimwambia na mengine ambayo mtu hamwambii mzazi. Mzee hakujitetea. Alitazama sakafu yenye vipande vya vitambaa, kisha akanitazama, kwa haya, kana kwamba ameniaibisha mimi. Nikaendelea kupima kiuno.

Jumapili iliyofuata alinisubiri nje ya kanisa akaniomba tupande pamoja kwenye kilima cha Yeoville, kule watu wa makanisa wanakokwenda kuomba. Ilikuwa majira ya baridi, nyasi zimekauka, nyingine zimeungua. Tukapita vikundi vya waombaji hadi mahali pasipo na mtu. Akavua kofia.

"Nitakuambia weye," akasema. "Weye utaipeleka mu karatasi, miye sitaisema mu nyumba yabo. Balikufa bote sababu ya ile mahali, na batoto ba binti yangu beko badogo. Lakini amenililia."

Akalitamka jina la boma, kwa sauti ndogo, huku amegeuzia mgongo mji. Kisha akafunika mdomo kwa kiganja na machozi yakamtoka, machozi ya woga kabisa, ya mtu anayesubiri kupigwa. Nilikuwa na daftari langu la vipimo. Nilimwambia sikusikia vizuri, arudie, nisije nikakosea herufi. Akarudia. Herufi zile nazijua tangu nina miaka saba. Mdogo wangu amezikwa ndani yake. Jina lile ningeliandika siku ya kwanza kwa mkono wangu, na mzee yule asingefumbua mdomo. Hapa siliandiki. Sina haki ya kulitaja.

Rufaa ikapelekwa, jina limo. Safari hii afisa alikuwa mwanaume mtu mzima, mwenye haraka, asiye na ubaya wowote. Alikuta jina kwenye ramani yake, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba mahali papo. Binti alikuwa nje kwenye benchi na wajukuu wote, amewavalisha nguo za kanisani. Kisha afisa akafungua faili la kwanza, akalinganisha, akavua miwani.

"Muulize. Mahali papo, na jina analijua. Mbona mara ya kwanza hakulitaja? Anayedanganya ndiye anayekuja na jina baada ya kufundishwa. Nataka jibu moja tu, kisha niamue."

Nikamuuliza mzee kwa Kiswahili, neno kwa neno. Uso wake ulichanua. Aliona swali ni jepesi. Alinyoosha mkono akanigusa bega, mara ya kwanza tangu tujuane.

"Huyu mama anajua," akasema. "Nilimuelezea yote siku ile. Umwambie, mama. Umwambie vile nilikuambia."

Afisa alikuwa ananitazama, kalamu mkononi. Nikaona kitakachofuata ukweli ukinitoka kinywani. Mkalimani alielezwa yote, na mkalimani aliyanyamazia. Wataniuliza kwa nini. Nitamwambia nini binti yule upande wa pili wa mbao, na Yeoville nzima inayoniita mtu wa watu? Nilipima hayo yote kwa muda wa kumeza mate. Mkono wa mzee ulikuwa bado uko begani kwangu, mzito, wa mtu anayeniamini.

"Anasema alisahau," nikamwambia afisa.

Afisa akaandika. Mzee, aliyekuwa anasikiliza Kiingereza changu asichokielewa, akatikisa kichwa kukubali, tena na tena, kisha akasema, "Aksanti, mama. Umesema muzuri."