Maganda Yaliyolazwa Kwenye Togwa

Harufu ya maganda ya machungwa yanayokauka juu ya moto wa kuni ilijaa jikoni kwetu Igowole kipupwe kile baba aliporudi kutoka hospitali. Nje, ukungu haukuondoka hadi jua likaribie utosini, na mashamba ya chai yalichuruzika maji kana kwamba mvua imenyesha. Homa ya mapafu ilikuwa imemwacha baba, dawa alikuwa amezimaliza, lakini chakula kilimkataa. Ugali ulikuwa kama majivu mdomoni mwake, uji aliusogeza pembeni, na mkanda wa suruali ulizidi kutobolewa matundu mapya. Mama hakulalamika. Alirudisha sahani jikoni na kusimama nayo kitambo kabla ya kuiweka chini.

Ndipo alipofika shangazi, dada yake baba aliyeolewa kwenye familia ya wafugaji wa Kisukuma kule Madibira, akiwa na kiroba cha machungwa ya nchi ya joto. Baba alifyonza kipande kimoja tu, kisha akabaki ameshika ganda, akilinusa. Shangazi ndiye aliyeliona hilo. “Wifi, maganda tusiyatupe,” alimwambia mama. “Anachokitamani ni hiyo harufu.”

Mara ya kwanza waliyaanika, wakayatwanga na kuutia unga wake kwenye uji wa ulezi. Baba alionja na uso ukamkunjamana. Ulikuwa mchungu kama kwinini. Mama hakukata tamaa. Alikwangua ile nyama nyeupe ya ndani kwa kijiko, akayachemsha maganda na kumwaga maji yake, halafu akayalaza kwenye chungu cha togwa, kinywaji cha nafaka kilichokuwa kikichachuka karibu na mafiga. Mimi nilipewa kazi ya kulinda kifuniko, na nilichungulia kuliko nilivyolinda. Siku zilivyokwenda, ule ukali wa harufu ulilainika, ukawa na utamu wenye uchachu kidogo. Mama akayakausha polepole kwenye ungo, mbali na ndimi za moto, akisema joto kali hufukuza harufu yote.

Asubuhi aliyompa baba uji wenye unga wa maganda yale, pale jikoni, sote tulijifanya tuna shughuli. Shangazi alichambua mchele ambao tayari ulikuwa safi. Baba alikunywa, akatua, akanywa tena hadi mwisho, kisha akasogeza kikombe mbele.

“Mama Neema, kuna mwingine?”

Mama aligeukia mafiga haraka, akachochea moto uliokuwa unawaka vizuri.

Sasa ninasindika maganda ya machungwa kwenye karakana ndogo mjini Iringa. Nimesoma kwamba viambata vingi vya ganda vimefungwa pamoja na sukari, na kwamba uchachushaji huweza kuvifungua ili utumbo uvipokee kwa urahisi zaidi. Sijui ni kiasi gani cha hayo kilitokea ndani ya chungu cha mama, wala siwezi kuapa kwamba ni ganda lililomrudisha baba mezani. Lakini alirudi, na hadi leo anakula vizuri. Mwaka huu mama alipokuja kunitembelea, nilimkorogea uji kwa unga wangu uliokaushwa kwa mashine, nikimweleza jinsi ninavyoikumbuka ladha ya ule wake. Alikunywa taratibu, akanisikiliza hadi nilipomaliza.

“Huu wako ni mzuri zaidi, mwanangu,” alisema. “Ule wangu baba yako aliunywa kwa sababu alitaka kupona.”