Nilivyokwenda Kuwapeleleza Wakwe Milimani

Sikuwa na viatu vya mlima. Sikuwa na Kifaransa, sikuwa na Kiarabu, na ile lugha ya Waberberi ndiyo kabisa, hata salamu yake sikuwa nayo. Sikuwa na goti la kushoto la kuaminika. Sikuwa na ruhusa ya daktari. Wala sikuwa na mtu hata mmoja aliyejua nilikuwa nafuata nini.

Na siku ya nne, juu kabisa milimani Moroko, bibi kizee ambaye sijawahi kumwona maishani akaniwekea mkate wangu peke yangu, umefungwa kwa kitambaa.

"Huu ni wako," kiongozi wetu akatafsiri. "Hauna chumvi."



Ndugu zangu, presha ilinipata miaka mitatu iliyopita na chumvi nikakatazwa. Lakini katika kundi lile sikumwambia mtu. Hata kwenye fomu ya safari, pale wanapouliza magonjwa, niliandika: hakuna. Mwanamume wa miaka sabini na moja haanzi kuanika udhaifu wake kwa watalii.

Sasa huyu bibi alijuaje?

Ngoja nianzie mwanzo.

Naitwa Mwaura. Nimeishi Stockholm, Uswidi, mtaa wa Tensta, miaka thelathini na minne. Mchana nilisafisha ofisi za Kista, usiku nikasoma shule ya watu wazima. Kiswidi changu nilikipata kwenye dawati. Nasema haya mjue kwamba mimi si mtu wa kuchezewa akili.

Mwezi wa pili, binti yetu wa pekee, Maryanne, alileta kijana nyumbani. Sami. Mhandisi wa kompyuta, mzaliwa wa milima ya Waberberi, alikuja huku kusoma. Mpole. Anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Anakula githeri yetu ya mahindi na maharagwe mpaka sufuria inalia.

Upole wa namna hiyo hunitia wasiwasi.

"Ukoo wake tunaujua?" nilimuuliza mke wangu Wangari walipoondoka.

"Baba Maryanne, hapa ni Tensta. Hata jirani wa ghorofa ya pili hatujui ukoo wake."

"Ndiyo maana simwozi binti yangu kwa jirani wa ghorofa ya pili."

Kwetu Wakikuyu, kabla binti hajatolewa, wazee hupita kimyakimya upande wa pili wakauliza. Kuna wizi katika ukoo ule? Wanapiga wake zao? Mgeni analishwaje? Mambo ya dini vijana walisema wameshayazungumza wenyewe. Haya ya ukoo nani angeyazungumza?

Maryanne hakunificha. "Baba, bila neno lako siolewi. Lakini usinikalishe mpaka nizeeke."

Basi nikaona tangazo la matembezi ya wastaafu. Siku saba milimani Moroko, kiongozi yupo, mizigo inabebwa na nyumbu. Kituo cha siku ya nne kilikuwa kijiji kilekile alichokitaja Sami akila githeri.

Wangari nilimwambia naenda kutembea na wastaafu wa Spånga, mtaa wa jirani. Haukuwa uongo. Ulikuwa ukweli mfupi tu.

Tulikuwa tisa: Waswidi wanane na mimi. Kiongozi wetu, Lahcen, alikuwa mtu wa makamo, Kiingereza chake safi, mwendo wa mbuzi.

Siku ya kwanza Lahcen aliwaacha wote akaja kutembea ubavuni mwangu.

Siku ya pili, kabla sijalalamika hata mguno mmoja, akaniletea nyumbu nipande.

"Pumzisha goti, mzee."

Goti? Nani alimwambia habari za goti?

Theresia, mjane kutoka Spånga, alisimama akaegemea fimbo zake mbili. "Mimi nilivunjika nyonga mwaka jana na sijaletewa hata punda. Wewe una nini?"

"Labda ni sura yangu."

Akanitazama vizuri. "Hapana," akasema, akaenda zake.

Siku ya tatu nilimkuta Lahcen nyuma ya mwamba anaongea na simu, macho kwangu. Alipokata akaniomba picha. Mimi peke yangu, si kundi.

Usiku huo nililala pasipoti ikiwa ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu, kiatu chini ya kichwa. Kwenye daftari langu nikaandika: "Anajua goti. Anapiga simu. Kwa nani?"

Ndipo tukafika kijijini kwa kina Sami. Nyumba za udongo mwekundu zimebandikana mlimani, ya juu imekanyaga paa la ya chini. Tukakaribishwa nyumba moja kubwa. Wenzangu wakakaa popote. Mimi nikawekewa mto, karibu na moto. Asali, mafuta, chai ya nanaa.

Na ule mkate usio na chumvi.

Niliula, maana kukataa chakula cha mwenyeji ni utovu wa adabu. Lakini kila tonge nililimeza na swali.

Bibi akakaa mbele yangu, magoti yetu karibu yagusane. Akasema jambo kwa sauti ya chini.

"Anauliza kama una watoto," akatafsiri Lahcen.

Hapo nikajua ndipo penye mtego. Nikisema nina binti Stockholm, wataunganisha mambo. Kijiji kizima kitajipamba tabia njema kunipendeza, nami nirudi bila ukweli.

"Sina," nikasema.

Lahcen hakutafsiri. "Mzee, huna kabisa?"

"Sina hata mmoja."

Akatafsiri, polepole. Bibi akanitazama kwa muda. Akaweka mkono kifuani, akasema maneno mawili matatu, akainuka. Hakurudi tena chumbani.

Asubuhi chai tulimiminiwa na mtu mwingine. Na siku zote zilizobaki Lahcen alitembea mbele, mgongo kwangu. Nyumbu akapewa Theresia.

Nikaandika: "Wamebadilika ghafla. Hawa watu wana siri." Nilijiona mpelelezi hodari.

Tulipotua Arlanda, uwanja wa ndege wa Stockholm, nani alikuwa amesimama pale wanapotokea abiria?

Maryanne.

"Umejuaje kwamba narudi leo?"

"Baba, kwenye fomu ya safari, ndugu wa karibu uliandika nani?"

 Tangu mtoto huyu apate simu yake ya kwanza, kila fomu ya nchi hii niliyojaza, iwe ya hospitali au ya kazini, mkono wangu huandika namba yake bila kuniuliza. Ofisi ya safari ilikuwa imemtumia ujumbe siku ileile niliyojaza fomu: baba yako anakwenda Moroko, wewe ndiwe tutakayekupigia akipatwa na jambo.

"Nilimwambia Sami," akasema. "Sami akampigia mjomba wake. Mjomba wake ni Lahcen."



"Habari za goti nilitoa mimi. Za chumvi nilitoa mimi. Ule mkate aliuoka nyanya yake Sami, ana miaka themanini na sita, siku hizi haingii jikoni kwa ajili ya mtu. Wengine walitaka wakwambie wanakujua. Yeye akakataa. Akasema, mwacheni aje atuangalie, ni haki yake, hata mimi ningekwenda."

"Maryanne..."

"Alikuuliza swali moja tu, Baba. Alitaka unitaje."

Lililobaki alilisema kwa Kiswidi. Akiumia huwa anahamia huko. Miaka minne nilisoma usiku, mikono inanuka dawa ya sakafu, ili mtoto wangu asije akaongea neno nisilolielewa. Jioni ile nililielewa kila neno.

Aliuliza: kwa hiyo mimi ni mtoto wa nani?

Halafu akanipa habari yenyewe. Wakwe walikuwa wamepanga kuja mwezi wa sita, wazee wanne, kuposa kama inavyotakiwa. Bibi amesimamisha safari. Amesema hawezi kutuma watu kuomba binti kwa mtu asiye na mtoto.

Nyumbani, Wangari alinisikiliza mpaka mwisho, ameshika mwiko.

"Sasa nikuite nani? Maana Baba Maryanne alifia milimani."

"Mama Maryanne, usinifanyie hivyo."

"Mama Maryanne yupo. Mimi sijamkana mtu."

Siku tatu aliniita Mwaura, kama mtu wa foleni ya benki.

Nilitaka kupiga simu. Sami, kwa adabu zake zilezile, akaniambia nyanya yake hataki simu. Maneno ya mdomo wangu alishayasikia.

Nikakaa mezani kuandika barua. Ya kwanza ilijaa kurasa tano, desturi za Wakikuyu tangu mababu. Wangari akaisoma akaipasua. "Hii ni ripoti. Umewaandikia kuwaeleza kwa nini ulikuwa sahihi." Ya pili akaipasua. Ya tatu niliipasua mwenyewe.

Ninyi mnaonisoma huku mtandaoni, bado nasema ukoo uchunguzwe. Lakini nenda kwa mlango, taja jina lako na uwataje walio wako. Anayechungulia dirishani huonekana na walio ndani kuliko anavyowaona.

Ya nne ilikuwa fupi. Niliiandika kwa Kiingereza ili Lahcen amsomee:

"Mama, uliniuliza swali moja nami nikakana mara mbili. Nina binti. Anaitwa Maryanne. Nilikuja kwenu kutafuta kasoro na niliyoikuta ni ile niliyokuja nayo. Mkate niliumaliza. Naomba watu wako waje. Wakiona vigumu, niruhusu nije mimi na mama yake, tubishe hodi."

Wangari aliisoma mara mbili. Hakuipasua.

"Na akikataa?"

"Basi atakataa akijua ukweli."

Nikaikunja. Nikalamba gundi ya bahasha, nikaibana kwa kiganja mpaka ikashika, nikabandika stempu. Nikavaa koti, nikashuka ngazi hadi kwenye sanduku la posta la njano karibu na maduka. Nikaishika kidogo mdomoni mwa sanduku.

Kisha nikaiachia.