Bibi Ismay Aagiza Jiwe

Urias Enoe alikuwa fundi wa mawe ya makaburi pale L'Esterre, kisiwani Carriacou, na wateja wake walikuwa wa aina mbili. Kulikuwa na walio hai, ambao hubishana bei na kuchelewesha saruji, na kulikuwa na waliokufa, ambao hawabishani bei lakini wakishaamua kitu hawashauriki. Hao wa pili walimjia mchana, baada ya chakula, akiwa amejinyoosha kwenye ubao chini ya bati la karakana yake. Walikuja na mwendo wao wa zamani, wakakalia ndoo iliyopinduliwa, wakasema jiwe liwe na ukubwa gani, jina liandikwe vipi, na kule chini kabisa penye maneno "limewekwa na", liandikwe jina la nani. Urias akiamka aliandika yote kwa penseli kwenye mfuko mtupu wa saruji. Familia ilipokuja, miaka minne au kumi baada ya maziko, ikishapata uwezo wa kufanya karamu ya jiwe, aliwaambia tu, "Mama yenu alishapita." Hakuna aliyeshangaa. Huko mtu hajatulia ardhini mpaka awekewe jiwe, na asiyetulia lazima azungumze na fundi.

Alikuwa na miaka hamsini na sita, goti moja bovu, na mke aitwaye Merle ambaye ulimi wake ungeweza kuchonga jiwe bila patasi. Polisi wa Hillsborough alipoleta samansi, ni Merle aliyeisoma kwanza, amesimama mlangoni na mwiko wa ugali mkononi.

"Wamekuita juri," alisema. "Mtu anayeshindwa kuamua ale mbaazi au samaki wa chumvi, sasa aamue mwenzake afungwe au aachiwe."

"Serikali imejua kichwa kilipo."

"Imejua jina lilipo. Kichwa haijakiona."

Hata hivyo alimpigia pasi koti la mazishi, kwa kuwa hakuwa na jingine, akamfungia maandazi ya kukaanga kwenye karatasi, na Jumatatu Urias akapanda meli ya asubuhi kwenda mahakamani Grenada, kisiwa kikubwa.

Ukiitwa juri, jambo la kwanza ni kukaa. Watu sitini walikaa kwenye mabenchi magumu kuanzia saa tatu, kila mmoja akiwa na kisingizio chake mfukoni. Mama mmoja alimwambia jaji kwamba kuku wake hawali asipokuwepo. Jaji akamjibu kwamba watajifunza. Kisha karani akawa anachota vikaratasi kutoka kwenye kisanduku cha mbao na kusoma majina. Mawakili walikuwa na ruhusa ya kumkataa mtu bila kutoa sababu, kwa hiyo aliyeitwa alitembea kwenda mbele huku wanamtazama kama embe sokoni. Urias hakukataliwa na yeyote. Alishika Biblia, akaapa kuamua kwa haki kufuatana na ushahidi, akapewa kiti namba nane. Simu zao zilikusanywa kwenye kikapu.

Jaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa, na aliongea polepole kama anayepanga sahani kabatini.

"Mtaamua kwa yale mtakayoyasikia ndani ya chumba hiki, si kwa kitu kingine chochote. Mtu yeyote, nasema yeyote, akiwafuata na kuwazungumzia kesi hii, msimjibu. Niandikieni kikaratasi siku hiyohiyo."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Bibi Ismay Pascall, miaka sabini na nne, alikutwa amekufa ndani ya tangi la maji ya mvua chini ya nyumba yake, na mfuniko wa zege ukiwa umerudishwa mahali pake. Kizimbani alikuwa Deron, mtoto wa marehemu dada yake, kijana wa miaka ishirini na tatu ambaye Bibi Ismay alimlea tangu anatambaa. Jirani alisikia wanagombana asubuhi ile. Deron alitaka kwenda Kanada, bibi hakutaka. Wakili wa utetezi alimbana jirani mpaka akakiri kwamba yeye mwenyewe, akilikuta tangi wazi, hulifunika bila kuchungulia kwa ajili ya mbu. Lakini siku ile hakulifunika, alisema. Hakumbuki kulifunika. Deron alitazama vidole vyake muda wote.

Jumanne, saa ya chakula, waliletewa wali na kuku na kipande cha shelisheli kwenye chumba cha juri: meza ndefu, viti kumi na viwili, feni moja yenye kikohozi. Urias alikula, na kwa kuwa mwili una ratiba zake, kidevu kikashuka kifuani.

Mwanamke aliyevaa gauni la kijani alikuwa ameketi kiti cha pembeni yake. Pindo la gauni lilikuwa linachuruzika.

"Mchana mwema, fundi."

"Mchana mwema, mama. Tuanze na ukubwa?"

"Futi tatu kwenda juu, mbili upana. Usiniwekee malaika. Malaika wako wana mashavu ya bondia."

Urias alikubali; aliwahi kuambiwa. "Jina?"

"Ismay Theodora Pascall. Theodora usiliruke, nililichukia nikiwa hai ila sasa nimelizoea."

"Limewekwa na nani?"

"Na mwanangu, Deron."

Karani akagonga mlango na Urias akafungua macho. Alikaa, ladha ya shelisheli bado mdomoni, akijiambia kwamba ameisikia kesi tangu jana na kichwa cha mtu huchanganya mambo. Kisha wakarudi mahakamani, daktari akapanda kutoa ushahidi, akafungua jalada na kusoma jina kamili la marehemu kutoka kwenye cheti: Ismay Theodora Pascall. Hakuna aliyekuwa amelitamka jina hilo la katikati kabla ya hapo. Urias akafunga vifungo vya koti la mazishi mpaka shingoni.

Jioni walipokusanya vitu vyao, Bwana Clyde, mjumbe namba tisa, mpimaji kwenye ghala la kungumanga, alikaa kufunga kamba za viatu kisha akaruka.

"Nani kamwaga maji kwenye kiti changu?"

"Umri huo, Bwana Clyde," alisema Bi Cosette, karani wa benki waliyemchagua kuwa msemaji wao. "Usituulize sisi."

Watu walicheka. Urias hakucheka. Jaji alisema usijibu, naye alijibu, tena alimuuliza maswali matatu. Lakini angeandika nini? Mheshimiwa, nimefuatwa na marehemu? Aliamua ni ndoto. Jumatano alikunywa vikombe vitatu vya kakao ili asisinzie na akasinzia vilevile. Alikuta Bibi Ismay ameshakaa, anasubiri tu kama mtu aliyefika mapema kliniki. Kiti cha Bwana Clyde kililowa tena. Safari hii hakuna aliyetania. Bwana Clyde alitandika gazeti na kukaa juu yake.

Alhamisi baada ya hotuba ya jaji walifungiwa kuamua. Kesi ya mauaji inawataka wote kumi na wawili wawe na neno moja. Bi Cosette aliwaomba wanaoona kijana ana hatia wanyooshe mikono, ikanyooshwa kumi na moja.

"Bwana Enoe," alisema, "tupe sababu. Moja tu, hata ndogo."

"Jirani amesikia ugomvi. Mimi na Merle tukigombana wanatusikia mpaka kisiwa cha Petite Martinique."

"Merle yumo kwenye tangi?"

"Na mfuniko?" alisema mjumbe namba tatu, mwalimu mstaafu aliyekuwa ameshavaa kofia yake tayari kwa kuondoka. "Mtu hajifunikii."

"Jirani hulifunika. Amesema mwenyewe."

"Amesema siku ile hakulifunika."

"Amesema hakumbuki."

Ilikuwa hoja nzuri, na wawili watatu walianza kuangalia dari kama watu wanaofikiri. Angeweza kuishikilia mpaka jioni, na pengine mwalimu angevua kofia. Lakini Urias alijua si hiyo iliyomweka upande huu. Mkono wake ulikataa kunyooka kwa sababu ya maneno ya chini ya jiwe. Nani angetaka jiwe lake liwekwe na aliyemuua?

Hapo ndipo alipomwona. Hakuwa amesinzia, feni ilikuwa inakohoa, mwalimu anahesabu vidole, saa nane mchana na jua limejaa dirishani. Bibi Ismay alikuwa amesimama kwenye ncha ya meza, nyuma ya Bi Cosette, maji yakimtoka kwenye pindo bila sauti. Bwana Clyde alisogeza miguu yake taratibu, akaiweka juu ya upau wa chini wa kiti, macho yake yakiwa kwenye sakafu.

Bibi Ismay alimtazama Urias kama mtu anayengoja kuulizwa.

Na swali lilikuwepo. Mama, ni yeye? Maneno matatu. Kichwani Urias alijua kwamba lile jina la chini ya jiwe halithibitishi kitu. Aliwahi kumchongea mzee mmoja wa Windward, na mzee akaagiza jiwe liwekwe na kaka yake, yuleyule aliyemvunja mguu na kumwacha kilema. Waliokufa hawashiki kinyongo kama sisi. Na huyu alimlea kijana tangu anatambaa; hata kama ndiye aliyemsukuma, bado angemwita mwanangu. Kwa hiyo ama aulize, ajue kabisa, aamue kwa neno la mtu ambaye hakuna wakili aliyembana. Ama anyamaze, ashikilie mbu wa jirani, na kuongopa kuhusu sababu yake mpaka mwisho. Na akimwambia jaji, atatolewa. Akitolewa, kijana anabaki na mikono kumi na moja iliyonyooka.

Alihisi ulimi wake unaanza kuinuka. Akachukua penseli haraka, kama mtu anayejiziba mdomo, akaandika.

Bi Cosette alisoma kwa sauti. "Mheshimiwa, nimefuatwa na mtu kuhusu kesi hii. Nilimjibu kabla sijamjua." Akamtazama. "Nani?"

"Nitamwambia jaji."

"Wa upande wa kijana au wa marehemu?"

"Wa marehemu," Urias alisema. "Wa karibu sana."

Bwana Clyde akafumba macho.

Walirudishwa mahakamani. Jaji alisoma kikaratasi mara mbili, akamwomba mjumbe namba nane asimame.

"Ni nani aliyekufuata?"

"Bibi Ismay Pascall, Mheshimiwa."

Mawakili walitazama karatasi zao kama watoto waliosahau zamu ya kusoma. Kizimbani Deron aliinua kichwa kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Amesema nini?" aliuliza, kwa sauti ndogo.

Askari akamkalisha. "Usijibu hilo," jaji alimwambia Urias. Alivua miwani, akakaa nayo mkononi. Alikuwa mwanamke wa visiwa hivihivi. "Ulimuuliza chochote kuhusu kifo chake?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Nilitaka, Mheshimiwa. Sana. Lakini uliniapisha."

Bwana Clyde akanyoosha mkono bila kuitwa. "Samahani, Mheshimiwa. Na mimi suruali yangu inalowa tangu Jumanne. Nisingependa ionekane ni yeye peke yake."

Jaji hakucheka, wala hakuuliza suruali ililowa na nini. Alisema juri hii yote imevunjwa, kwamba kesi itasikilizwa upya na wajumbe wengine kikao kijacho, na kwamba Deron Pascall atarudi rumande mpaka siku hiyo. Akawaonya kwamba yaliyosemwa ndani ya chumba cha juri hayasemwi nje, si leo, si wakiwa wazee. Wakarudishiwa simu zao. Deron aliposhushwa ngazi alimgeukia Urias, na Urias hakuweza kujua kama yale macho yalikuwa ya shukrani, lawama au woga.

Merle alimngojea gatini Carriacou.

"Mmeamua nini?"

"Hairuhusiwi."

"Hata mimi?"

"Hasa wewe."

Merle hakumsemesha mpaka chakula cha Ijumaa mchana, ugali na mboga za majani, akamwekea sahani kwa kishindo cha kutosha. Urias alikula, akatoka kwenda karakanani na kujinyoosha kwenye ubao wake.

Bibi Ismay alikuwa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Vumbi la saruji miguuni pake lilikuwa limeshageuka tope.

Urias hakuwa mjumbe wa kitu chochote tena. Hakuna kiapo kilichomfunga. Aliinuka akaketi, akauliza lile swali alilolimeza mbele ya watu kumi na moja.

"Mama, ni yeye?"

Bibi Ismay alimsonya, msonyo mrefu wa mwanamke aliyelea mtoto wa mwenzake peke yake. "Wewe wamekutoa, Urias. Nitazungumza na hao wapya."

"Hawajachaguliwa bado."

"Najua."

"Inaweza kuwa mwakani."

"Nina haraka gani mimi?" Alivuta pindo la gauni lake akalikamua, na maji hayakupungua.

"Basi jiwe nianze?"

"Anza. Futi tatu kwa mbili. Jina langu andika lote." Alitazama nje kwenye mawe yaliyosimama uani yakisubiri majina. "Ule mstari wa chini, uache kwanza."

Urias alitaka kuuliza kwa nini, akaona afadhali aamke. Akaamka. Aliketi, akafikicha macho, akasikia Merle anaosha vyungu na redio ya jirani ikitangaza bei ya petroli.

Bibi Ismay bado alikuwa kwenye ndoo, mikono mapajani.

Urias alisimama, akachukua beleshi, akaanza kuchanganya zege la jiwe lake, akimzunguka.