Taa Iliyotangulia Dakika Nne

"Mama Jamali, hizo nyota unamuhesabia nani?"

Generoza, jirani yake aliyerudi kutoka ukimbizini Tanzania, ndivyo alivyouliza siku aliyomkuta Mwavita amekaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba, jicho moja amelifumba, anachungulia kati ya misumari miwili iliyopigwa kwenye nguzo.

"Wake za wavuvi," Mwavita akacheka. "Karibu, dada. Amahoro."

Wala hakutania. Marehemu baba yake, fundi seremala, ndiye aliyempigia misumari ile, na kwa miaka thelathini hapo Rumonge, kando ya ziwa, Mwavita aliandika kwenye kaye lake, daftari la shule, saa ya kila nyota kuzama nyuma ya milima ya Kongo. Nyota hutangulia. Leo inazama saa mbili na dakika kumi, kesho na dakika sita, kila siku dakika nne. Taa ya mtumbwi haina saa. Kwa hiyo mwanamke aliyeshikwa na hofu kwa ajili ya mume wake aliye ziwani alimjia kuuliza, "Ni nyota ao ni taa?" Naye hakuwahi kukosea.

Kisha Jamali, mwanawe wa pekee, akaenda kuvua ndagala asirudi. Mtumbwi uliokotwa Kabonga, mtupu, nyavu zimekunjwa vizuri. Taa tu haikuonekana.

Siku ya tisa mwanga ukakaa juu ya maji, chini ya milima, mahali ambapo nyota haijawahi kukaa. Barnaba mvuvi akawasha taa yake, akapiga kasia mpaka pale.

"Hapana kitu, mama," alisema aliporudi. "Iko maji tu, na baridi."

Lakini Mwavita, kutoka kwenye jiwe, aliuona mwanga ule ubavuni mwa taa ya Barnaba muda wote.

Ulizimika saa mbili na dakika kumi. Kesho yake, na dakika sita. Kesho kutwa, na dakika mbili. Mwavita aliandika huku anasoma dua. Taa haifanyi hivyo.

Siku ya thelathini na nne mwanga ulizimika magharibi ikiwa bado nyekundu. Watu wa msikiti walikuwa wamekuja kupanga hitima, lakini Tahira, mke wa Jamali, alikataa kukaa eda mpaka asikie kwa mama mkwe.

"Mama, ni nyota ao ni taa? Sema tu. Nivae nguo za eda ao nimupikie?"

Hata Barnaba, mtu wa mizaha, alitazama chini.

Mwavita akafungua kaye. Nyota ikilifikia jua hupotea siku kama arobaini, halafu huchomoza alfajiri upande wa pili, milimani mashariki, juu ya Bugarama. Miaka thelathini, hata moja haikukosa kurudi. Akalifunga kaye, akambusu Tahira kichwani.

"Hitima someni," akasema. "Eda akae. Lakini siku ya arobaini kuanzia leo, alfajiri, mulango wa upande wa mulima musiufunge."